Je, Kijiji Kinaweza Kukataa Mbegu?



Katika kikundi kimoja cha kusoma huko Kisarawe, mama mmoja alitufuata baada ya darasa akiwa na pakiti ya mahindi mkononi. Pakiti ilikuwa bado imefungwa. Alikuwa ameinunua kwenye duka la pembejeo kwa fedha zake za muhogo. Jirani akamwambia, "Hiyo mbegu ni ya maabara. Ukiipanda, udongo wako umekwisha." Mama akaogopa. Mvua za masika zikaanza, zikakolea, pakiti bado iko juu ya kichanja. Siku alipokuja kutuuliza, wenzake walikuwa wanapalilia.

Tuliisoma lebo pamoja naye, neno kwa neno. Ilikuwa mbegu chotara ya kawaida, ile ambayo wakulima wa Tanzania wamepanda kwa miaka mingi. Hakukuwa na cha kuogopa. Lakini msimu ulikuwa umekwisha mpita.

Siku ileile wanakisomo wengine wakauliza swali zito zaidi. "Na kama ingekuwa ya aina hiyo kweli, sisi kijiji tungeweza kuikataza?" Tulijibu harakaharaka kwamba serikali imekwisha kataza, basi msiwe na wasiwasi. Tuliporudi nyumbani tuliona jibu letu halikutosha. Tukaanza kutafuta sheria na kuzisoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

TUNAZUNGUMZA JUU YA MBEGU GANI?

Kila kiumbe hai kina vinasaba. Vinasaba ni kama maagizo madogo sana yaliyomo ndani ya mmea, yanayousema uwe mrefu au mfupi, mweupe au wa njano. Mtoto anafanana na mama yake kwa sababu ya vinasaba.

Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha mahindi ya aina moja kwa mahindi ya aina nyingine. Ni mahindi kwa mahindi. Mkulima yeyote mwenye subira angeweza kufanya hivyo shambani. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni kitu kingine. Hapo mtaalamu, akiwa maabara, huchukua agizo moja kutoka kwa kiumbe, mara nyingi cha jamii nyingine kabisa, akalitia ndani ya mmea. Kwa mfano, kuna mahindi yaliyotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni. Funza wa mabua akiyala, anakufa.

Kwa hiyo si kila mbegu ya dukani ni ya aina hiyo. Hadi tunapoandika haya, hakuna zao lililobadilishwa vinasaba ambalo limeruhusiwa kwa wakulima wa Tanzania kulima na kuuza.

Wengine husema chakula cha aina hiyo huleta saratani na utasa. Hatutaki kuwadanganya. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vyakula vya aina hiyo vilivyoko sokoni vimepimwa, na havielekei kuleta hatari kwa afya ya watu. Basi, mtu akitaka mipaka, si lazima aseme habari ya ugonjwa. Zipo sababu nyingine. Mbegu nyingi za aina hii zina mwenyewe, yaani kampuni yenye haki juu yake, na mkulima hawezi kuiweka akaipanda tena atakavyo. Tena kuna wanunuzi wa nje wasiotaka mazao yaliyochanganyika. Tena mtu anaweza kusema tu, "Mbegu ya bibi yangu naitaka ibaki vile ilivyo." Hiyo nayo ni sababu.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Sheria kubwa ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 69 kinasema kwamba mtu anayetengeneza, kuingiza, kujaribu au kuuza viumbe vilivyobadilishwa vinasaba ana wajibu wa kuhakikisha havidhuru mazingira wala afya ya watu. Kifungu hicho kinataja pia mambo ya uchumi, utamaduni na maadili ya jamii. Shikeni hapo. Maana yake, mwananchi akisema "jambo hili litaharibu soko letu" au "litaua mbegu zetu za asili", anasema jambo linalotambuliwa na sheria.

Chini ya sheria hiyo kuna kanuni za mwaka 2009. Kanuni ni maelezo ya utekelezaji ambayo Waziri huyatoa chini ya sheria. Kanuni hizi zinasema hakuna anayeruhusiwa kuingiza au kujaribu mimea hiyo bila kibali, na kwamba bidhaa zake ziandikwe wazi kwenye lebo. Maombi hupelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, inayoshughulikia Muungano na Mazingira. Nayo Tanzania ilijiunga mwaka 2003 na mkataba wa mataifa uitwao Itifaki ya Cartagena. Mkataba huo unairuhusu nchi kukataa mbegu hata kama wanasayansi bado hawana uhakika kamili wa madhara yake. Waafrika ndio waliopigania sana neno hilo liingie. Msemaji wao mkubwa alikuwa Tewolde Berhan Gebre Egziabher wa Ethiopia.

Mpaka hapo mnaweza kusema, "Basi tumekingwa." Ngojeni kidogo.

TAMKO SI SHERIA

Mwaka 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio katika kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma. Yalikusudiwa kuvumilia ukame. Shamba lilizungushiwa uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa majaribio yote ya namna hiyo nchini.

Hilo ndilo katazo tulilowatajia wanakisomo wetu. Lakini tazameni lilivyo. Ni agizo la wizara. Halikupitishwa na Bunge. Alilolisema waziri mmoja, waziri mwingine anaweza kulitengua asubuhi moja.

Kanuni nazo hubadilika. Kanuni za 2009 zilikuwa na kipengele kikali: mtu aliyeleta mmea huo akisababisha hasara, analipa, hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba alizembea. Mwaka 2015 kipengele hicho kililegezwa kwa upande wa utafiti. Aliyepata hasara kutokana na majaribio ikabidi sasa athibitishe kosa la mtafiti. Muda mfupi baada ya hapo ndipo mahindi ya Makutupora yakapandwa. Ni maneno machache tu yaliyobadilishwa katika karatasi, lakini mzigo wa ushahidi ukahama begani kwa mwenye maabara ukaja begani kwa mwenye jembe.

Jirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili vizuri zaidi. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri lilelile, la serikali nyingine, likaondoa marufuku. Wananchi na vyama vya wakulima wakaenda mahakamani. Mwaka 2023 mahakama moja ikakataa madai yao. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha uingizaji kusubiri rufaa isikilizwe. Zaidi ya miaka 12 ya kufunga na kufungua! Mexico wao walichukua njia ndefu. Mwezi huohuo wa Machi 2025 waliandika ndani ya Katiba yao kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yasipandwe nchini mwao. Katiba haifunguliwi kwa tangazo la redio.

KIJIJI KINA MKONO GANI?

Sasa turudi kwenye swali la wanakisomo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ni wale wajumbe 15 hadi 25 mnaowachagua. Mkutano mkuu wa kijiji ni ninyi wote mliotimiza miaka 18.

Sheria ndogo haitungwi ofisini na mwenyekiti na mtendaji wawili peke yao. Halmashauri ya kijiji huandika pendekezo. Huitisha mkutano mkuu, pendekezo likasomwa kwa sauti, watu wakasema maoni yao. Muhtasari huandikwa. Kisha pendekezo hupelekwa kwenye kata kwa ushauri, halafu halmashauri ya wilaya, na madiwani huliidhinisha. Hapo ndipo linakuwa sheria. Likikwama njiani, halimfungi mtu. Tumeviona vijiji vinavyotoza faini kwa karatasi iliyolala kwenye jalada la kata miaka miwili. Hiyo si haki, na aliyetozwa anaweza kudai fedha zake.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wetu wa Kibaha walitazame sana. Mtu wa Soga, Magindu au Gwata yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake ni Mlandizi. Huko kuna vijiji, na vijiji vina uwezo tuliousema. Lakini mtu anayeishi Kibaha mjini yuko kwenye mtaa. Mtaa hauna uwezo wa kutunga sheria ndogo, hata kama watu wake wanalima muhogo na mahindi kama kijijini. Huyo njia yake ni mkutano wa mtaa, kisha diwani, ili halmashauri ya mjini yenyewe itunge. Kisarawe, maeneo ya Maneromango, Mzenga na Marui, bado ni vijiji.

Je, kijiji kiandike nini? Wengi watataka kuandika, "Ni marufuku mbegu ya maabara katika kijiji hiki." Sisi hatuwashauri. Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya nchi. Siku serikali ikiruhusu mbegu fulani, mwenye kampuni atakwenda mahakamani na katazo lenu litaanguka, na pengine kijiji kitalipa gharama.

Wenzetu wa Marekani wamelijaribu jambo hili. Mwaka 2004 wananchi wa Mendocino, wilaya moja ya jimbo la California, walipiga kura wakakataza kupanda mazao hayo wilayani mwao, na katazo likasimama. Huko Hawaii, wilaya za visiwani zilipitisha makatazo na masharti mwaka 2013 na 2014. Kampuni za mbegu zikashitaki. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ikayafuta. Ilisema mambo ya mimea na mbegu yamekwisha shikwa na sheria ya jimbo na ya taifa, wilaya haina nafasi. Nchi ni moja, lakini Mendocino walikuta nafasi katika sheria ya juu yao, na Hawaii hawakuikuta. Huko Ulaya nafasi hiyo iliachwa kwa makusudi: tangu 2015 kila nchi ya Umoja wa Ulaya inaweza kukataza kilimo cha mazao hayo katika eneo lake.

Basi kijiji kiandike jambo ambalo sheria ya nchi inalikubali tayari, na kilisogeze mlangoni kwake. Kwa mfano:

"Mtu yeyote anayeleta mbegu au vipando katika kijiji kwa ajili ya kuuza, kugawa au kujaribu, ataripoti kwanza ofisi ya kijiji na kuonyesha lebo na stakabadhi. Taarifa yake itaandikwa katika daftari la kijiji. Jaribio lolote la mmea uliobadilishwa vinasaba halitafanyika katika kijiji bila kuonyesha kibali kilichotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na bila mkutano mkuu wa kijiji kupewa taarifa."

Maneno hayo si marufuku. Ni mlinzi wa geti. Anauliza jina, anaandika, anataka kuona karatasi. Mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ayapime kabla ya mkutano, naye atawaambia pia kiwango cha faini kinachoruhusiwa.

Mkono wa pili ni ardhi, na kwa maoni yetu huu una nguvu kuliko ule wa kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujakubali. Kampuni au taasisi ikija kutaka ekari za shamba la mfano, ninyi ndio wenye kauli. Mnaweza kukubali kwa masharti, na masharti yakaandikwa: mbegu za aina gani zitapandwa, na zipi hazitapandwa. Kama kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya 2007, mnaweza kutenga humo eneo la kuzalishia mbegu zenu. Ulizeni kama mpango huo upo. Vijiji vingine vinao, umefungiwa kabatini.

UPEPO NA PIKIPIKI

Sheria peke yake hailindi mbegu kama hamjui mbegu inavyosafiri. Mahindi huchavushwa na upepo. Unga wa mbelewele hupeperuka ukaangukia ndevu za mahindi ya jirani. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu za mahindi huacha nafasi ya mita 200 hivi kati ya shamba na shamba.

Muhogo si hivyo. Tunapanda pingili, na pingili huzaa muhogo uleule wa mama yake. Upepo haugeuzi aina ya muhogo ulioko shambani mwako. Kinachogeuza ni mzigo wa pingili uliokuja kwenye pikipiki usiku, hakuna ajuaye umetoka wapi. Kwa sisi watu wa Pwani mzigo huo ndio wa kuangaliwa. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa viumbe hivyo iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba uendelee kwenye hatua za majaribio ya kitaifa. Muhogo huo ulitengenezwa ili kuuzuia ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Na michirizi ya kahawia mnaijua. Unachimba muhogo ulioutunza mwaka mzima, ukiukata ndani umeoza. Kwa hiyo msishangae mkulima mmoja akisimama mkutanoni aseme, "Mimi naitaka hiyo mbegu." Asizomewe. Ana hoja. Ajibiwe kwamba zipo aina zinazoustahimili ugonjwa huo ambazo hazikubadilishwa vinasaba, kama Kiroba, ambayo wengi wenu mnayo. Watafiti wa kituo cha Kibaha wanaweza kuwaeleza nyingine.

Hapa ndipo mbegu zenu wenyewe zinapokuwa kinga. Sheria ya Mbegu inaruhusu wakulima wadogo kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Kikundi kinajiandikisha, mkaguzi anakuja shambani, na mbegu zinauzwa kwa wakulima wa eneo lenu. Taasisi inayosimamia ni TOSCI, makao yake Morogoro, lakini anzeni kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata. Kijiji chenye pingili safi za kutosha hakina haja ya kungoja pikipiki ya usiku.

MAHAKAMA NI MWISHO

Wengine watauliza, "Shamba langu likichanganyika, si nitamshitaki jirani?" Unaweza kushitaki. Sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani inapovunjwa. Lakini sikilizeni ya Australia. Mkulima mmoja, Steve Marsh, alilima bila dawa za viwandani na alikuwa na cheti. Jirani yake alipanda kanola iliyobadilishwa vinasaba. Kanola ni mmea wa mbegu za mafuta. Mabua yakapeperushwa na upepo hadi kwa Marsh, akanyang'anywa cheti kwa sehemu kubwa ya shamba lake. Mwaka 2014 mahakama ikamwambia ameshindwa. Jirani alipanda zao lililoruhusiwa, kwa njia ya kawaida, hakukosa. Mwaka 2015 akashindwa tena kwenye rufani.

Kama Marsh, mwenye cheti na mawakili, alirudi mikono mitupu, mkulima wa Vikumbulu asitegemee kesi. Heri majirani wakae chini ya mwembe kabla ya mvua, wapatane nani anapanda nini upande gani, waandike, watie sahihi, na mtendaji agonge muhuri. Yeyote asiyejua kuandika vizuri atafute mwanakisomo mwenzake.

Mkitaka kujua kama kuna ombi lolote la majaribio katika wilaya yenu, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa mazingira wa wilaya. Barua iwe fupi. Andikeni jina la kijiji, tarehe ya mkutano uliokubali kuandika, na swali lenyewe. Ipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo.

Yule mama wa Kisarawe alipanda mahindi yake msimu wa vuli. Siku hizi, kabla ya kulipa dukani, anaisoma lebo ya TOSCI mwenyewe, tena kwa sauti, mpaka muuza duka anacheka. Nyumbani ana kopo la maziwa ya unga, na humo anatunza pakiti tupu na stakabadhi za kila msimu.